Simu ikipotea Kambu, ufunguo wa pesa zako unabaki kwa nani?

Tangu tuanze kubadilisha namna ya kuingia kwenye programu yetu, kuna swali moja ambalo wateja wa barabara ya Mombasa, kuanzia Emali hadi Mtito Andei, wametuuliza kuliko yote. Si la ada, wala si la kiwango cha juu cha kutuma. Ni hili: "Sasa mkiniwekea huo ufunguo ndani ya simu, na simu ikaibwa, nitafanyaje?"

Ni swali zuri, na tunataka kulijibu kwa kirefu, kwa sababu jibu fupi la "usijali, tumepanga" halimsaidii mtu. Fikiria mama anayenunua ndengu kwa wakulima hapo Kambu na kuwauzia wenye malori. Pesa ya msimu mzima inapita kwa simu moja. Asubuhi anapanda matatu kwenda Kibwezi, akishuka anapapasa mfuko, simu haipo. Ndani ya simu kuna laini, kuna programu, kuna picha ya kitambulisho aliyoipiga ili asisumbuke kukitafuta kila mara. Wakulima wanangoja kulipwa leo. Shule inangoja karo Jumatatu. Mfumo wetu mpya utapimwa siku hiyo ya matatu, na tuliujenga tukiwa tunaifikiria.

Mlango wa zamani

M-Pesa ilipoanza Kenya mwezi Machi 2007, mlango ulikuwa rahisi kueleza: laini yako pamoja na PIN ya tarakimu nne. Menyu iliishi ndani ya laini yenyewe, ndiyo maana ilifanya kazi hata kwenye simu ndogo ya kubonyeza, ile tunayoiita kabambe au mulika mwizi. Mtu wa Kambu hakuhitaji intaneti wala barua pepe. Alihitaji kukumbuka namba nne tu.

Namba nne zina hesabu yake: kuanzia 0000 hadi 9999 ni elfu kumi basi. Mfumo hujifunga ukikosea mara chache, kwa hiyo mwizi hawezi kuzijaribu zote. Lakini hana haja. Anaanza na mwaka wako wa kuzaliwa, na mwaka huo umeandikwa kwenye kitambulisho ulichokiweka pochi moja na simu. Hatusemi hivi kumcheka mtu. PIN ya mwaka wa kuzaliwa ni rahisi kukumbuka, na watu wana mambo mengi ya kukumbuka.

Zilipokuja simu janja, kampuni za malipo ziliongeza komeo la pili: namba za uthibitisho zinazotumwa kwa meseji. Zimesaidia, ila zina udhaifu mmoja mkubwa. Zinakuja kwa laini, na aliye na laini ndiye anayezipata. Tapeli akifaulu kuihamisha laini yako hadi kwenye kadi yake, meseji zinamfikia yeye. Ama anakupigia simu akijifanya anatoka huduma kwa wateja, anakuomba umsomee "hizo namba sita zimeingia sasa hivi". Na kuna jambo lisilozungumzwa sana: namba ya simu si yako milele. Laini isiyotumika kwa muda mrefu hurudi kwa kampuni na kupewa mtu mwingine. Huyo mwenye laini mpya hana hatia yoyote, lakini meseji za akaunti uliyoisahau zitaingia kwake.

Kitabu cha askari wa getini

Kabla ya kueleza mfumo mpya, turudi nyuma kidogo, kwa sababu watu wamelijaribu jambo hili kwa karibu miaka ishirini na hawakushindwa kwa kukosa akili.

Kila aliyewahi kwenda jengo la ofisi Nairobi anamjua askari wa getini. Unaandika jina, namba ya kitambulisho, namba ya simu, unakwenda kumwona nani, umefika saa ngapi. Majengo mengine wanakaa na kitambulisho chenyewe hadi utoke. Ukitembelea majengo matano umeacha habari zako kwenye vitabu vitano, na kila anayeandika baada yako anasoma mstari wako. Wakala wa pesa naye ana daftari kama hilo, tena juu ya kaunta. Nenosiri kwenye intaneti ni vivyo hivyo: kila mlango una kitabu chake, na kila kitabu kinaweza kuibwa.

Sasa fikiria mji mzima ukubaliane kumtumia askari mmoja anayekujua. Ukifika mlango wowote, wanampigia yeye, anasema "huyu namjua, mpitisheni". Vile vitufe vya "Ingia kwa Google" na "Ingia kwa Facebook" ndivyo vinavyofanya. Raha yake ni kubwa, nani anataka kukumbuka manenosiri arobaini? Lakini askari huyo anajua umeingia wapi, lini, na mara ngapi. Na siku akikufungia akaunti, milango yote imefungwa kwa mkupuo.

Mwaka 2005 Mmarekani Brad Fitzpatrick, mwanzilishi wa LiveJournal, alitoa mpango ulioitwa OpenID. Wazo lake: kila mtu amchague askari wake, na akitaka awe askari wake mwenyewe. Huo ndio mfumo wa kuingia uliogatuliwa, na neno hilo hatuna haja ya kulifafanulia watu wa Makueni na Kitui, ambao tangu 2013 wanajua tofauti ya kufuata huduma Nairobi na kuifuata Wote au Kitui mjini. Tatizo ni kwamba mtumiaji alitakiwa kujitambulisha kwa anwani ya ukurasa wa intaneti badala ya jina lake, jambo ambalo watu wa kawaida hawakulielewa. Halafu askari, hata ukimchagua mwenyewe, bado alijua kila mlango ulioupita.

Mozilla, wale wa Firefox, wakajaribu tena mwaka 2011 kwa mfumo uliokuja kuitwa Persona. Uliitumia barua pepe, kitu ambacho watu walikuwa nacho tayari, na ulipangwa ili anayekuthibitisha asijue unakwenda kuingia wapi. Kwa upande wa faragha tunauona ulikuwa bora kuliko karibu vyote vilivyoutangulia. Ulifungwa tarehe 30 Novemba 2016. Tovuti chache mno ziliukubali, kwa kuwa wateja wao walishazoea vitufe vya Google na Facebook. Sisi tuliokuwa tunapanga mfumo wetu tuliisoma habari hiyo mara mbili. Faragha nzuri ambayo hakuna aliyeitumia haikumlinda mtu.

Kufuli kwetu, ufunguo kwako

Tarehe 5 Mei 2022 Apple, Google na Microsoft zilitangaza kwa pamoja kwamba zitapanua njia ya kuingia bila nenosiri, kwa viwango vya muungano unaoitwa FIDO. Sisi tunaita kitu hicho ufunguo wa siri. Kinafanya kazi kwenye simu za Android kuanzia toleo la 9 na iPhone kuanzia toleo la 16 la mfumo wake.

Kinavyofanya kazi si kigumu. Unapojisajili, simu yako inatengeneza vitu viwili vinavyoendana: kufuli na ufunguo wake. Kufuli linatumwa kwetu, ufunguo unabaki kwa simu. Ukitaka kuingia, tunaituma simu fumbo jipya. Simu inalijibu kwa kutumia ufunguo. Sisi tunalinganisha jibu na kufuli tulilo nalo. Ufunguo wenyewe hausafiri popote. Mwizi akivunja ghala letu usiku atakuta rundo la makufuli, na kufuli halifungui kitu.

Alama ya kidole nayo haiji kwetu. Inasomwa ndani ya simu, simu inaridhika, kisha inakubali kuutumia ufunguo. Tunalirudia hili kwa sababu wateja wengi wanaamini kinyume: hatuna alama ya kidole chako, wala hatuihitaji.

Kuna mengine mawili. Kila huduma inapata kufuli lake tofauti, kwa hiyo sisi, duka la mtandaoni na sacco yako hatuwezi kukutana tukalinganisha makufuli na kugundua kwamba ni mtu mmoja. Na ufunguo unaijua anwani ya mlango wake. Ukitumiwa tovuti ya uongo inayofanana na yetu kama pacha, jicho lako linaweza kudanganyika, simu haitadanganyika. Itakataa kutoa jibu. Yule tapeli wa "nisomee namba sita" naye atapiga simu bure, maana huna cha kumsomea.

Ila kuna pahali tulibishana. Google na Apple huhifadhi nakala za funguo hizi ili ukinunua simu mpya uzipate. Nakala hizo zimefungwa kwa njia ambayo kampuni zenyewe haziwezi kuzisoma, lakini bado unawategemea: ukipoteza akaunti ya Google, umepoteza nakala. Wako wanaosema huo si ugatuzi wa kweli, kwamba mtu anapaswa kushika ufunguo peke yake. Ziko njia za kufanya hivyo. Shirika la W3C, linaloweka viwango vya intaneti, lilipitisha mwezi Julai 2022 kiwango cha vitambulisho vinavyoshikwa na mtu mwenyewe bila ghala la katikati. Wanaotumia sarafu za kidijitali nao wanaijua hali hiyo: unapewa maneno 12 au 24, unayaandika kwenye karatasi, unaificha. Karatasi ikiliwa na mchwa, pesa zimekwenda na hakuna ofisi ya kulalamikia. Na Ukambani mchwa tunawajua.

Tumeamua kuruhusu nakala. Wako wasioitaka, na tunawaelewa. Lakini kwa mama wa ndengu tunaona nakala inamfaa zaidi ya usafi wa nadharia.

Simu ya Kambu si ya mtu mmoja

Wanaobuni mifumo hii hudhani simu moja ni mtu mmoja. Nenda soko la Kambu ukaone kama ni kweli. Simu ya dukani inashikwa na mwenye duka asubuhi na kijana wa kuuza mchana. Simu ya nyumbani inachezwa na watoto shule zikifungwa. Nyanya hana simu janja, pesa yake inaingia kwa simu ya mjukuu.

Hapa ndipo panapotaka uangalifu kuliko pengine pote. Ufunguo wa siri hufunguliwa na chochote kinachofungua simu: kidole, sura, au ule mchoro wa kuburuta kwenye kioo. Kidole chochote kilichosajiliwa kwenye simu yako kitaufungua. Kijana aliyekuwekea mchoro siku uliyonunua simu anaujua mchoro. Fundi aliyekubadilishia kioo mwezi uliopita alikuomba mchoro ili ajaribu kama kinafanya kazi, nawe ukampa, nani hampi? Kwa PIN ya zamani watu hao walikuwa na simu lakini hawakuwa na akaunti. Kwa ufunguo wa siri ukiachwa hivi hivi, aliye na mchoro ana akaunti.

Ndiyo sababu tumeibakiza PIN wakati wa kutuma na kutoa pesa. Ufunguo unakuingiza ndani, unaona salio, unaona taarifa zako; pesa ikitoka, PIN inaulizwa. Baadhi ya wateja wamelalamika kwamba tumewaongezea kazi badala ya kuwapunguzia. Tunawaelewa, na kwa anayeishi peke yake na simu yake ni kweli tumemwongezea hatua. Tumekubali lawama hiyo kwa ajili ya nyumba zenye simu moja na watu watano.

Basi kabla hujaukubali ufunguo, fungua mipangilio ya simu, tafuta sehemu ya alama za vidole, uhesabu. Ukikuta tatu na wewe umeweka moja, futa zote uanze upya. Badilisha na mchoro pia. Ukipeleka simu kwa fundi, toka kwanza kwenye programu yetu. Simu ikirudi, badilisha mchoro tena.

Vidole vyenyewe ni habari nyingine. Mtu anayevunja kokoto, au anayekata mkonge kule Kibwezi, alama zake zimelika, na kioo cha simu kinamkataa mara kumi kwa siku. Huyo asilazimishe kidole. Namba ya kufungulia simu, yenye tarakimu sita au zaidi, inafanya kazi ile ile.

Halafu kuna kabambe. Ufunguo wa siri hauwezi kukaa humo, na hatutawafungia nje wanaotumia menyu ya nyota na reli, ambao wengi wao ndio waliotuamini tangu mwanzo. Lakini tukiimarisha mlango wa mbele na kuuacha wa jikoni na kamba, mwizi atazunguka nyuma. Uamuzi tumekuachia wewe: ukishaweka ufunguo, unaweza kuifunga menyu ya nyota na reli kwa akaunti yako. Faida yake inaonekana. Hasara yake ni kwamba siku simu janja ikizima moto huwezi kuitia laini kwenye kabambe ya jirani ukatuma pesa. Mwenye biashara ya pesa nyingi tungemshauri aifunge. Mwenye kutuma mia mbili mia tatu, aiache.

"Si hii ni kama ile ya macho?"

Hilo nalo tumeulizwa, na wanaouliza wana haki. Julai 2023 mradi wa Worldcoin, ambao Sam Altman ni mmoja wa waanzilishi wake, ulizinduliwa duniani, na Nairobi watu wakapanga foleni hadi KICC ili wapigwe picha ya mboni za macho na kifaa cha mviringo. Kila mmoja alipewa sarafu za kidijitali ambazo wakati huo zilikuwa na thamani ya kama shilingi 7,000. Tarehe 2 Agosti 2023 serikali ikasimamisha shughuli hiyo.

Wengi walikumbuka shilingi, wachache walikumbuka kwamba kilichokuwa kikijengwa ni mfumo wa kuingia: kitambulisho cha kuthibitisha kwenye intaneti kwamba wewe ni binadamu na ni mmoja, bila kutaja jina lako. Hesabu zilizotumika zilikusudiwa kulinda faragha, kiasi kwamba tovuti mbili ulizoingia zisiweze kukuunganisha. Lakini tarehe 5 Mei 2025 Mahakama Kuu ya Kenya iliamuru taarifa za miili ya Wakenya zilizokusanywa zifutwe ndani ya siku saba, chini ya usimamizi wa Kamishna wa Ulinzi wa Data. Kwa mahakama, tathmini ya madhara kwa faragha haikufanywa ipasavyo kabla ya kuanza, na ridhaa iliyopatikana kwa kishawishi cha malipo haikuwa ridhaa halali.

Hata Huduma Namba ya serikali ilipita njia hiyo. Uandikishaji ulifanyika 2019. Tarehe 30 Januari 2020 Mahakama Kuu ikakataza kukusanya vinasaba na mahali mtu anapoishi kwa setilaiti, na tarehe 14 Oktoba 2021 ikasema utoaji wa kadi ulikwenda kinyume cha sheria kwa kukosa tathmini hiyo hiyo. Tathmini inatakiwa na kifungu cha 31 cha Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Faragha yenyewe iko kwenye kifungu cha 31 cha Katiba ya 2010. Ukiikumbuka namba hiyo moja, umezikumbuka zote mbili.

Tofauti ya ufunguo wa siri na ile ya macho ni kwamba hakuna kitu cha mwili wako kinachoondoka kwenye simu. Lakini hukumu zile zinatuhusu hata hivyo, hasa kuhusu ridhaa. Kulikuwa na pendekezo kwamba atakayeweka ufunguo wa siri wiki ya kwanza apewe salio la bure la kupiga simu. Tulilikataa. Mtu anayebonyeza "Nimekubali" kwa sababu ya bando la shilingi hamsini hajasoma alichokubali.

Na faragha haiishii kwenye kuingia. Unapolipa mafuta kwa namba ya till pale barabarani, mhudumu anahitaji kujua pesa imeingia. Namba yako ya simu ni ya nini? Wanawake wengi wamewahi kupata meseji ya "niliona umelipa hapa, naomba tujuane". Kwetu, mfanyabiashara ataona jina la kwanza na tarakimu chache tu za mwisho. Upande wa kutuma kwa mtu binafsi, jina kamili litaendelea kuonekana kabla hujathibitisha, maana bila jina pesa ya karo ingeishia kwa mtu usiyemjua. Hapo tumechagua kuficha kidogo na si kuficha kote.

Sasa simu imepotea

Turudi kwa swali lenyewe. Simu imekwenda, laini imekwenda nayo. Hatua ya kwanza haina maarifa: azima simu ya yeyote uliye karibu naye, piga kwa kampuni ya laini uifunge, kisha utupigie sisi tufunge akaunti. Usingoje ufike nyumbani. Chukua pia namba ya OB kutoka kituo cha polisi.

Baadaye unarudisha laini kwa kitambulisho halisi, unapata simu nyingine. Kama ulikuwa na nakala, ukiingia kwenye akaunti yako ya Google au ya Apple ufunguo unarudi na mambo yanaendelea. Kama hukuwa nayo, tunatengeneza ufunguo mpya baada ya kukuhakiki, na hapo ndipo pagumu. Aliyeiba laini naye atapitia njia hii hii, akiwa na maelezo yako mkononi. Kila mkato tunaomwekea mwenye mali, tumemwekea na mwizi.

Kwa hiyo tumeweka muda wa kungoja. Kwa saa 24 tangu ufunguo mpya utengenezwe, unaweza kupokea pesa, kuona salio, na kutuma kiasi kidogo cha nauli na chakula. Kiasi kikubwa kinangoja. Wakati huo tunapeleka taarifa kwenye kila simu na barua pepe iliyowahi kuunganishwa na akaunti, ili kama si wewe uliyeomba, uwe na muda wa kupiga kelele.

Saa 24 ni nyingi kwa mtu ambaye wakulima wamemkalia mlangoni. Njia ya kuzipunguza tumeiazima kwa vyama vya akina mama, ambako mtu hukopeshwa kwa kudhaminiwa na wenzake. Ukiwa bado na simu yako, teua wadhamini wawili miongoni mwa wateja wetu. Siku ya matatizo, wote wawili wakithibitisha kwamba wamekuona au wamesikia sauti yako, kungoja kunashuka hadi saa 2. Mdhamini haoni salio lako, hawezi kutuma wala kuzuia pesa yako. Anachojua ni kwamba una akaunti na kwamba umepoteza simu, basi.

Chagua watu wasioishi nyumba moja nawe, na ikiwezekana wasioishi nyumba moja wao kwa wao. Tunajua unamwamini mwanao. Lakini yule anayejua mchoro wa simu yako asiwe ndiye pia anayekuthibitishia, maana hapo milango miwili imekuwa mmoja. Mwenzako wa chama anafaa zaidi.

Kuna waliotutaka tuziondoe hata hizo saa 2. Hatutaziondoa. Mama wa ndengu atawaambia wakulima wangoje hadi jioni, watanung'unika, na jioni watalipwa.

Jambo moja linaweza kuvuruga mpango huu wote: laini iliyosajiliwa kwa kitambulisho cha mtu mwingine. Zimejaa. Laini ya nyanya ina jina la mjukuu aliyehamia Mombasa, ya mke ina jina la mume. Ikipotea, mwenye kitambulisho ndiye anayeweza kuirudisha, na mwenye pesa anabaki kuomba. Bonyeza *106# uone laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Kama unayotumia kila siku haimo, nenda ukaisajili upya kwa jina lako kabla ya kufikiria ufunguo wa aina yoyote.

Kisheria una haki ya kutuuliza tuna taarifa gani zako, tunazitumia vipi, na kutaka zirekebishwe au zifutwe zile zisizotakiwa kuwepo. Iko kwenye kifungu cha 26 cha sheria ile ile ya 2019. Kwenye programu utaikuta chini ya "Taarifa zangu", na usipoipata uliza wakala.

Mabadiliko yanawafikia wateja kwa awamu. Yakikufikia, utaona ukurasa mmoja wenye swali moja: je, unataka kuweka ufunguo wa siri kwenye simu hii? Chini yake kuna vitufe viwili vya ukubwa sawa, "Weka" na "Baadaye". Ukibonyeza "Baadaye", PIN yako itaendelea kufanya kazi kama kawaida, na hatutakuuliza tena kabla ya siku 30.